Mto Wangu, Mpaka Wetu: Ushairi wa Kashmir na Dai la Nchi ya Wapandit

Katika lugha ya Kikashmiri limo neno dogo, panun, ambalo humtaabisha mfasiri. Maana yake ni "-a mwenyewe", lakini ni nani huyo mwenyewe, neno halisemi. Huazima nafsi kwa mtenda aliyetajwa katika sentensi. Msemaji akisema kwamba anarudi nyumba panun, nyumba ni yake. Akimwambia mwenziwe arudi nyumba panun, nyumba ni ya mwenziwe. Wakitajwa majirani, nyumba ni ya majirani. Kiswahili hakiruhusu kusitasita huko. Mfasiri hana budi kuchagua baina ya yangu, yako, yetu na yao. Na hata akichagua "yetu", bado msikilizaji aweza kuuliza kama yeye amehesabiwa ndani au ameachwa nje.

Neno hilo limo katika jina la Panun Kashmir, chama kilichoundwa mwishoni mwa mwaka 1990 na Wapandit, yaani Wahindu wenyeji wa Bonde la Kashmir, baada ya wengi wao kulikimbia bonde hilo. Katika mkutano uliofanyika Jammu, tarehe 28 Disemba 1991, chama kilipitisha azimio linalojulikana kwa jina la Margdarshan, yaani mwongozo wa njia. Azimio lilidai nchi ya Wahindu wa Kashmir ndani ya bonde lenyewe, katika sehemu yote iliyo mashariki na kaskazini ya mto Jhelum. Sehemu hiyo itawaliwe moja kwa moja na serikali kuu ya Delhi, na Katiba ya India itumike humo bila ya kupunguzwa. Watakaokaa humo walitajwa kuwa 700,000, na katika hesabu hiyo wakatiwa pia waliofukuzwa katika zama zilizopita na ambao bado wanatamani kurejea.

Hili ni dai la kujitenga la namna ya peke yake. Harakati nyingi za kujitenga hutaka kuiacha dola kubwa. Hii ilitaka kuikumbatia dola hiyo na kumwacha jirani. Na mpaka iliouchagua ni mto. Jambo hilo halimpiti hivi hivi mpenzi wa ushairi, kwani Kashmir ni nchi iliyojieleza kwa taswira ya mto tangu karne ya 12, pale Kalhana alipouita utungo wake mrefu wa historia Rajatarangini, Mto wa Wafalme. Wapandit huuita Jhelum kwa jina lake la kale la Vitasta, au Vyeth katika maneno ya kila siku, na wana siku katika mwaka wanayoiadhimisha kama siku ya kuzaliwa kwake. Mto unaozaliwa na kusherehekewa kama mtoto wa nyumba sasa umepewa kazi ya ukuta. Suali la uhakiki huu ni hilo: ushairi wa Kashmir, hasa ule uliotungwa na kusomwa uhamishoni, unalibeba dai hilo, au unalikataa? Na kama unalikataa, una haki gani ya kufanya hivyo mbele ya watu waliopoteza kila kitu?

Haifai kulijibu suali hilo kabla ya kutaja yaliyotokea. Mwaka 1989 uasi wa silaha ulipanda katika bonde, na Wapandit mashuhuri wakaanza kuuawa mmoja mmoja. Mwanasiasa Tika Lal Taploo aliuawa mwezi wa Septemba mwaka huo, na hakimu Neelkanth Ganjoo mwezi wa Novemba. Usiku wa tarehe 19 Januari 1990, vipaza sauti vya mitaani vilijaa miito na vitisho, na usiku huo ndio unaokumbukwa na Wapandit kuwa mwanzo wa kuhama. Siku mbili baadaye, majeshi ya serikali yaliwafyatulia risasi waandamanaji Waislamu katika daraja la Gawkadal mjini Srinagar, na wengi wakafa. Miezi ile ilikuwa na vilio viwili, na kila upande unakumbuka zaidi kilio chake. Wapandit waliokuwa bondeni hukadiriwa kuwa kati ya 120,000 na 140,000. Walio wengi waliondoka katika muda mfupi. Serikali ya jimbo ilieleza mwaka 2010 kwamba Wapandit 219 waliuawa. Vyama vya Wapandit vinasema idadi ni kubwa kuliko hiyo. Watu waliozoea theluji walijikuta chini ya mahema ya Muthi na Nagrota, katika joto la Jammu ambalo wazee wengi hawakulistahimili. Mauaji hayakukomea hapo. Wandhama, mwezi wa Januari 1998, waliuawa Wapandit 23 waliobaki bondeni. Nadimarg, mwezi wa Machi 2003, waliuawa 24.

Miongoni mwa waliouawa mwaka 1990 alikuwamo mshairi. Sarwanand Kaul, aliyejiita Premi, alikuwa mwalimu na mwanachuoni wa wilaya ya Anantnag, mtu aliyejishughulisha na kuitia Bhagavad Gita katika Kikashmiri. Alichukuliwa nyumbani kwake pamoja na mwanawe, na wote wawili wakauawa. Kifo chake kinakata njia ya uhakiki mwepesi. Iko kawaida, hasa miongoni mwa wasomi wa mbali, ya kulijibu dai la Wapandit kwa kutaja utamaduni wa pamoja: kwamba Wakashmiri waliishi vyema, kwamba Waislamu waliuza maziwa na maua kwa mahujaji wa Kihindu katika chemchemi ya Kheer Bhawani kijijini Tulmul, kwamba wote waliimba nyimbo zile zile. Yote hayo ni kweli. Lakini Premi aliishi ndani ya utamaduni huo kuliko wengi, na haukumkinga. Anayeusifu ushairi wa pamoja lazima aanze na kaburi la mshairi huyo, asije akauza faraja isiyokuwapo.

Sifa za dai la nchi, nazo, zinastahili kusomwa kwa makini ya kifasihi, kwa sababu chama cha Panun Kashmir hakikuwa mikononi mwa wanasiasa watupu. Agnishekhar, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wake na akawa mratibu wake, ni mshairi wa lugha ya Kihindi. Moja kati ya diwani zake linaitwa Mujhse Chheen Li Gayi Meri Nadi, na tafsiri yake ni "Nimenyang'anywa Mto Wangu". Jina hilo lastahili kuwekwa kando ya azimio la 1991. Katika azimio, mto ni mstari: huku ni kwetu, kule ni kwao. Katika jina la diwani, mto ni mali iliyoporwa, na mwenye mali analia. Haiwezekani mtu aporwe mpaka. Mtu huporwa kitu alichokinywa, alichokioga, alichokipitia kwa mashua kwenda harusini. Mto wa mshairi una kingo mbili. Mto wa azimio una ukingo mmoja tu. Basi mtu yule yule, kwa kalamu mbili, amesema mambo mawili yasiyokaa pamoja, na la mshairi ndilo lililo pana.

Ukweli huo unaonekana hata kwa macho ya kawaida. Mji mkongwe wa Srinagar umejengwa juu ya kingo zote mbili za Jhelum, na madaraja yake saba ya kale ndiyo yaliyoupa umbo. Kuufanya mto huo mpaka ni kuupasua mji katikati. Aliyelitunga azimio alikuwa na ramani mbele yake, na juu ya ramani mto ni wino wa buluu uliochorwa tayari, unamwondolea mtu kazi ya kuchora. Mshairi hana ramani; ana kumbukumbu ya maji. Haina maana kwamba mwanasiasa ni mwongo na mshairi ni mkweli. Aliyefukuzwa anahitaji mahali penye mlinzi na hati ya kiwanja, na shairi halitoi hati. Lakini pale dai linapotafuta nguvu kwa kutaja mapenzi ya nchi, lazima likubali kuulizwa: ni nchi ipi inayopendwa, nusu ile au nzima?

Mizizi ya suali hilo ni ya kale. Katika karne ya 14 aliishi bondeni mwanamke mtawa aliyeacha nyumba ya mumewe na kutangatanga akisema hekima zake kwa tungo fupi za mistari minne, ziitwazo vakhi. Wahindu humwita Lalleshwari, Waislamu humwita Lalla Arifa, na wote kwa pamoja humwita Lal Ded, Bibi Lal. Kwa Mhindu, yeye ni mfuasi wa Shiva aliyefika. Kwa Mwislamu, ni walii aliyefungua njia ya Sheikh Nuruddin, ambaye naye Wahindu humheshimu kwa jina la Nund Rishi. Tungo za Lal Ded zilikaa vinywani kwa karne nyingi. Mwaka 1914 Mpandit mmoja, Mukunda Rama Shastri, alipotumwa kuzitafuta maandishi yake, hakupata mswada wa kuaminika; alimpata mzee wa kijijini aliyezihifadhi kwa moyo kama alivyozirithi kwa wazee wake. Mzee huyo aliitwa Dharma Dasa Darvesh. Majina mawili ya mwanzo ni ya Kisanskrit na la mwisho ni la Kiajemi, na mwenye majina hayo alikuwa Mhindu. Yaliyotoka kinywani mwake ndiyo yaliyochapishwa na Grierson na Barnett mwaka 1920.

Mshairi na mfasiri Ranjit Hoskote, katika kitabu chake cha 2011, ameeleza kwamba kinachoitwa leo Lal Ded ni sauti ya mtu mmoja iliyoongezewa na sauti za waimbaji wengi, wanaume na wanawake, Wahindu na Waislamu, kila kizazi kikitia lake. Hoja hiyo ina uzito kuliko usemi wa mazoea kwamba Lal Ded "aliwaunganisha" watu. Kuunganisha ni tendo la nje, kama kufunga kuni. Hoskote anaonyesha kwamba diwani lenyewe limetungwa na pande zote, hata haiwezekani tena kutenga ubeti wa Mhindu na ubeti wa Mwislamu. Anayetaka kulichora dai la mpaka juu ya vakhi atapata tabu kubwa kuliko aliyelichora juu ya mto. Hapa ndipo neno panun linaporudi: Lal Ded ni panun kwa kila anayemtaja, na mwenyewe hubadilika kwa kadiri ya anayesema.

Hata hivyo urithi wa kale ni jambo moja, na ushairi uliozaliwa na msiba ni jambo jingine. Aliyeuandika msiba huu kwa sauti iliyofika mbali kuliko wote ni Agha Shahid Ali. Alizaliwa New Delhi mwaka 1949, akakulia Srinagar katika nyumba ya Waislamu wa Kishia wenye elimu, akahamia Marekani katika miaka ya sabini, na akafariki Amherst tarehe 8 Disemba 2001. Diwani lake The Country Without a Post Office, lililotoka 1997, limechukua jina kutokana na hali ya bonde katika miaka ya uasi, barua zilipolala bila ya kupelekwa. Mwanzoni mwa diwani mshairi analitaja jina la nchi yake kwa tahajia nyingi, moja baada ya nyingine, kama mtu anayejaribu funguo katika mlango mmoja. Ni mbinu yenye kina: nchi imekuwa na majina mengi kwa sababu kila aliyeitaka aliiita kwake.

Shairi la diwani hilo linalohusu zaidi suala hili ni "Farewell", yaani kuaga. Mtunzi mwenyewe alidokeza kwamba kwa upande mmoja laweza kusomwa kama barua ya mapenzi yenye majonzi kutoka kwa Mwislamu wa Kashmir kwenda kwa Mpandit aliyeondoka. Nguvu ya shairi hilo imo katika viambishi vya nafsi. "Mimi" na "wewe" havitulii. Anayelaumu anakuwa anayelaumiwa. Aliyepoteza anakuwa aliyepotewa. Kumbukumbu na historia zinapewa wamiliki, kisha wamiliki wanabadilishana. Msomaji wa pwani, aliyezoea mashairi ya kujibizana, atasikia hapa kitu kama majibizano ya malenga wawili yaliyotiwa katika kinywa kimoja. Na kinachosemwa hakina ukali. Ni toba isiyoomba msamaha kwa maneno, kwani inaogopa kwamba msamaha umeshapita wakati wake.

Shairi hilo limesifiwa sana, na linastahili. Lakini lina upungufu ambao sifa hizo zimeufunika. Mpandit wa shairi hilo hasemi. Anaitwa, anasihiwa, anakumbukwa, anaonewa uchungu. Jibu lake halimo. Mtunzi amemkopesha nafsi ya pili, na nafsi ya pili haina sauti ila ile inayopewa na wa kwanza. Mwenye shairi angeweza kujitetea kwamba barua katika nchi isiyo na posta haiwezi kujibiwa, na hilo ni kweli ndani ya diwani. Nje ya diwani, Wapandit walikuwa hai Jammu na Delhi, wakiandika. Daktari K. L. Chowdhury, aliyewatibu wakimbizi wenziwe, alitoa diwani lake la Kiingereza Of Gods, Men and Militants mwaka 2000. Hakuna aliyeupa msiba wa Wapandit uzuri kama Ali, lakini uzuri huo uliwafanya wasomaji wa ng'ambo wadhani wameshawasikia Wapandit wenyewe, ilhali walichosikia ni mapenzi ya jirani yao. Mapenzi ya jirani ni kitu kikubwa. Hata hivyo si ushahidi wa aliyefukuzwa.

Ali aliacha fundisho jingine, na hili limo katika fani kuliko katika maudhui. Katika miaka yake ya mwisho alipigania ghazali itungwe kwa Kiingereza kwa kanuni zake za asili, akakusanya ghazali za washairi wengi katika kitabu Ravishing DisUnities, kilichotoka mwaka 2000. Kanuni hizo hazimtishi msomaji wa ushairi wa Kiswahili, maana zimetoka katika chemchemi ya Kiarabu iliyotupa pia majina kama tarbia na takhmisa. Iko kafiya, ambayo ni kina. Iko radifu, neno au fungu la maneno linalorudi baada ya kina, mfano wa kibwagizo kilichofupishwa. Na katika ubeti wa mwisho mshairi hujitaja jina, kama watungaji wa tenzi wanavyojitaja wanapofikia tamati. Lakini iko kanuni moja ambayo kwa mazoea ya pwani ni ngeni: kila ubeti wa ghazali, wenye mishororo miwili, husimama peke yake. Waweza kusema mapenzi, na unaoufuata ukasema kifo, na wa tatu ukasema mvinyo, bila ya mmoja kumtumikia mwingine. Kinachozifanya beti hizo kuwa shairi moja ni sauti ya mwisho wanayorudia wote.

Ali aliliona hilo kuwa fahari ya ghazali, na ndiyo maana akaweka neno la mtengano katika jina la kitabu chake. Mtu aliyetoka Kashmir hawezi kulisema neno hilo bila ya kujua anachokisema. Ghazali inaonyesha kwamba kutengana na kukaa pamoja si lazima kuwe na mpaka baina yao: kila nyumba ina ua wake, dini yake na jiko lake, na jioni zote zinaitika kwa sauti moja. Huo ni mfano mzuri, na kwa mhakiki ni mfano wa hatari vile vile. Ubeti hauchomi ubeti jirani. Beti za ghazali haziogopani usiku. Fani ya shairi yaweza kumwonyesha mtu kile kinachowezekana. Haiwezi kumwahidi kwamba kitatokea, na anayeitumia kama hoja dhidi ya mkimbizi anaidhulumu fani na mkimbizi pia.

Jibu la Mpandit, lile ambalo barua ya Ali haikulipata, lilikuja zaidi kwa nathari. Mwaka 2011 Siddhartha Gigoo alitoa riwaya The Garden of Solitude, juu ya kijana ambaye familia yake inahama bonde. Mwaka 2013 mwandishi wa habari Rahul Pandita, aliyeondoka Srinagar akiwa na miaka 14, alitoa kumbukumbu zake, Our Moon Has Blood Clots. Kitabu hiki kina hasira, na hasira yake ina sababu. Kwa jinsi kilivyoshika kiu ya ushahidi, mara nyingine majirani wanaingia ndani yake kama umati tu, bila ya uso. Huo ni upungufu wa kifasihi, kwa sababu msomaji hupoteza jambo baya kuliko yote katika kisa hicho: kwamba walionyamaza walikuwa na majina, na majina hayo yalijulikana.

Lakini kitabu hicho kina kitu kimoja ambacho azimio lolote halina. Mama wa mwandishi, baada ya kuhamishwa kutoka chumba cha kupanga hadi chumba cha kupanga, amepata mazoea ya kumwambia kila anayekutana naye kwamba nyumba yao Kashmir ilikuwa na vyumba 22. Husema bila ya kuulizwa. Husema kwa watu ambao hawajali. Idadi hiyo inarudi katika kitabu kama radifu katika ghazali, na kila inaporudi inapungua kuwa maelezo na kuzidi kuwa maombolezo. Linganisha 22 hii na 700,000 ya azimio. Ile ya azimio ni kubwa, na katika ukubwa wake inawakusanya walio hai na vizazi vya waliotangulia, ili dai lipate uzito mbele ya serikali. Ile ya mama ni ndogo, na hakuna anayeweza kuibishia. Mama huyo hadai nchi upande wa mashariki ya mto. Anadai nyumba. Kilicho panun kwake kina milango, na kila mlango anaujua.

Tofauti hiyo baina ya nyumba na nchi ndiyo kiini cha jambo hili. Dai la nchi huzaliwa pale mtu anapokata tamaa ya kurudishiwa nyumba. Aliyefungiwa mlango wake na jirani hawezi tena kuutaka mlango ule ule, maana jirani bado yupo. Hutaka basi mahali ambapo jirani hayupo. Kwa hivyo Panun Kashmir ni dai lililojengwa juu ya kukata tamaa, hata kama limevikwa maneno ya matumaini. Fasihi ya Wapandit iliyo bora imekataa hatua hiyo ya pili. Imebaki nyumbani, kwenye vyumba 22, kwenye jozi zinazolowekwa maji kwa sikukuu ya Herath, na haijakubali badala. Kwa upande huo, uaminifu wake ni mgumu kuliko wa azimio.

Liko pia jambo ambalo ramani haigusi kabisa, nalo ni lugha. Kikashmiri huandikwa rasmi kwa khati ya Kiajemi na Kiarabu. Wapandit wa zamani walikuwa na khati yao ya Sharada, na walio uhamishoni wengi wao wamependelea khati ya Devanagari, ambayo ndiyo wanayosomeshwa watoto wao. Hivyo wapo Wakashmiri wanaosema lugha moja na hawawezi kusomeana mashairi. Msomaji wa Kiswahili anajua khati inavyoweza kuwafungia watu hazina zao wenyewe: tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu leo zinahitaji mfasili kwa wajukuu wa waliozitunga. Lakini hasara ya Kashmir imezidi hapo. Watoto waliozaliwa Jammu na Delhi wamelelewa kwa kiasi kikubwa katika Kihindi. Agnishekhar mwenyewe, aliyeongoza dai la nchi, alitunga kwa Kihindi. Nchi ikipatikana kesho upande wa mashariki ya Jhelum, itapata wakazi wanaohitaji mfasiri ili wamfahamu Lal Ded. Na jirani waliyemwacha ng'ambo ya mto ndiye atakayekuwa bado anamwimba.

Matukio yamelipita azimio kwa njia ambayo watungaji wake hawakuitazamia. Tarehe 5 Agosti 2019 serikali ya India iliifuta hadhi ya pekee ya Kashmir iliyokuwamo katika kifungu cha 370 cha Katiba, na tarehe 31 Oktoba mwaka huo jimbo likagawanywa kuwa maeneo mawili yanayosimamiwa na Delhi. Kwa maneno mengine, utawala wa serikali kuu na Katiba kamili, mambo mawili ambayo Wapandit waliyaombea sehemu yao, yaliletwa juu ya bonde lote. Ardhi ya kukaa peke yao haikutengwa. Mwaka 2022 filamu The Kashmir Files ilijaza majumba ya sinema ya India kwa hadithi ya kuhama kwao. Katika mwaka huo huo, na uliotangulia, Wapandit waliorudi bondeni kwa kazi za serikali waliuawa kwa kulengwa, na wenzao wakaomba wahamishiwe Jammu. Watazamaji walilia gizani kwa ajili ya 1990, na nje ya sinema mabasi yalikuwa yakipakia tena. Msiba wa Wapandit umekuwa panun kwa watu wengi, na neno lile limewatumikia wote isipokuwa wenye msiba.

Hukumu ya mhakiki, basi, haiwezi kuwa kwamba washairi wamelishinda azimio. Ushairi wa Kashmir umeonyesha kwamba mto hauwezi kukatwa, na bado haukuweza kumlinda mtunzi mmoja mlangoni kwake. Azimio liliona hatari hiyo kwa uwazi, na katika kuikimbia likaitupa nusu ya kile lilichotaka kukiokoa. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba barua ya Agha Shahid Ali na kumbukumbu za Rahul Pandita hazijawahi kusomwa kama zinavyostahili, yaani pamoja, moja ikiwa swali na nyingine jibu. Wanaoipenda ya kwanza huiogopa ya pili kwa hasira yake. Wanaoishika ya pili huidharau ya kwanza kwa upole wake. Waliowahi kufungua makanwa kwa vakhi moja sasa hata vitabu wamegawana.

Kazi ya kuvirudisha vitabu hivyo viwili katika rafu moja ni ndogo, na haihitaji ruhusa ya serikali yoyote. Inahitaji mfasiri wa khati, mwalimu anayejua Kikashmiri, na darasa moja ambamo mtoto wa Jammu na mtoto wa Srinagar wataupata ubeti wa Lal Ded kwa herufi mbili katika ukurasa mmoja. Mzee Dharma Dasa Darvesh aliubeba ubeti huo bila ya karatasi kabisa. Alipoulizwa, alianza tu kusoma.